Bandu Bandu Huisha Gogo: Historia ya Gharama ya Matibabu Hapa Kenya

   Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya ugonjwa: dalili zake, namna ya kujikinga na namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani. Leo tutazungumza juu ya jambo linalotembea na kila ugonjwa, nalo ni pesa. Tutaangalia historia ya malipo ya hospitali hapa nchini tangu uhuru, na kazi ya wataalamu waliojitolea kuhesabu ugonjwa unamgharimu mwananchi kiasi gani. Wataalamu hao huitwa wachumi wa afya.

Huenda ukajiuliza: Historia ya malipo itanisaidiaje mimi niliye na mama mkwe mwenye presha, au mume mwenye kisukari, au mtoto mwenye kifafa? Itakusaidia, kwa sababu historia hii inaonyesha mahali pesa za familia zinapopotelea. Ukishapajua mahali hapo, unaweza kuanza kupaziba.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Gogo haliishi kwa pigo moja la shoka. Huisha kwa kubanduliwa kidogo kidogo, leo kibanzi, kesho kibanzi. Magonjwa ya kudumu, yaani yale mtu anayoishi nayo mwaka baada ya mwaka, humaliza mali ya nyumba kwa njia hiyo hiyo. Shikilia methali hii tunapoendelea.

Ahadi ya uhuru

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, viongozi walitaja maadui watatu wa taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Wakati huo mgonjwa alitozwa ada katika vituo vya serikali. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada hiyo ya shilingi 5, na matibabu ya wagonjwa wa nje yakawa bure. Gharama ililipwa kutokana na kodi.

Mwaka uliofuata, 1966, ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, ule ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la NHIF. Nia yake ilikuwa kumsaidia mfanyakazi aliyelazwa. Angalia neno hilo, aliyelazwa. Kwa miaka mingi bima hiyo ilimfaa zaidi mtu aliyelala kitandani hospitalini. Mtu aliyekwenda kliniki, akapimwa, akapewa dawa na kurudi nyumbani, hakunufaika nayo sana. Tutaona baadaye kwa nini jambo hili lina uzito kwa mgonjwa wa presha au kisukari.

Katika miaka ya sitini na sabini zahanati na vituo vya afya viliongezeka. Watoto wengi walichanjwa, na akina mama wengi walijifungua mikononi mwa wakunga waliosomea kazi hiyo. Lakini idadi ya watu nayo ilikuwa ikiongezeka upesi, na kufikia miaka ya themanini uchumi ulikuwa umedorora. Dawa zilikosekana kwenye rafu. Mgonjwa alipimwa bure, kisha akaambiwa akanunue dawa dukani.

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyozihimiza nchi zinazoendelea kuwatoza wagonjwa ada. Hoja yake ilikuwa kwamba ada zingeleta pesa za kununulia dawa, na kwamba mwananchi angeweza kuzimudu kama zingekuwa ndogo.

Desemba 1989: ada zarudi

Mnamo Desemba 1989 serikali ya Kenya ilianza mpango ulioitwa ugavi wa gharama. Mgonjwa alitakiwa kulipa ada ya kuandikishwa kabla ya kuonwa na daktari. Ilikuwa shilingi chache tu. Waliopanga ofisini hawakuona kwamba ada kama hiyo ingemzuia mtu kutafuta matibabu.

Hapa ndipo wachumi wa afya walipoingia kazini. Mmoja wao ni Profesa Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye pamoja na wenzake wawili walikusanya hesabu za wagonjwa waliofika katika vituo vya serikali kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada kusimamishwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1995.

Waligundua kwamba wakati wa ada, mahudhurio katika vituo vya serikali yalishuka kwa karibu asilimia 50. Yaani kati ya kila wagonjwa wawili waliokuwa wakija, mmoja hakuonekana tena. Ada zilisimamishwa mnamo mwaka 1990, na katika miezi saba iliyofuata, mahudhurio katika vituo vya afya yaliongezeka kwa asilimia 41. Watu hawakuwa wamepona. 

Na je, pesa zilizokusanywa zilikuwa nyingi kiasi gani? Mwabu na wenzake walikuta kwamba zilifikia asilimia 2.4 tu ya bajeti ya matumizi ya kawaida ya Wizara ya Afya. Ukipewa shilingi 100 za kuendesha hospitali, hizo ni kama shilingi mbili na nusu. Kwa ajili ya shilingi mbili na nusu hizo, nusu ya wagonjwa walikosekana.

Watafiti wengine walichunguza kliniki moja ya Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa. Mwaka 1992 walitoa taarifa kwamba baada ya ada kuanza, idadi ya wanaume waliohudhuria kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Mama, fikiria maana yake. Mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza asipotibiwa, hakai na ugonjwa huo peke yake. Huupeleka nyumbani.

Somo la kwanza la historia yetu ndilo hilo: ada inayoonekana ndogo kwa anayeipanga inaweza kuwa ukuta kwa anayetakiwa kuilipa.

Hata hivyo ada zilirudishwa tena, safari hii kwa awamu, kuanzia hospitali kubwa na kuteremka hadi vituo vya chini. Zikakaa kwa zaidi ya miaka kumi.

Kumi kwa ishirini

Mwaka 2004, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, serikali ilipunguza malipo. Zahanati ilitakiwa kumtoza mgonjwa shilingi 10 tu na kituo cha afya shilingi 20. Watoto wa chini ya miaka mitano hawakutakiwa kulipa. Wananchi waliuita mpango huu kumi kwa ishirini.

Je, uliwafikia? Swali hilo lilimvutia mchumi wa afya Jane Chuma, aliyekuwa akifanya kazi na kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi. Yeye na wenzake walikwenda katika wilaya za Kwale na Makueni, wakauliza vituoni na vijijini. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba vituo vingi havikuufuata mpango huo kama ulivyoandikwa. Wagonjwa bado walitozwa zaidi. Si kwamba wauguzi walikuwa watu wabaya. Kituo kilihitaji kumlipa mfagizi na mlinzi, na kununua sabuni na mafuta ya taa. Ada ilipopunguzwa bila kuletwa pesa nyingine za kuziba pengo, kituo kilitafuta njia ya kujisaidia, na njia hiyo ikapitia mfukoni mwa mgonjwa.

Kabla ya hapo, Chuma na wenzake walikuwa wamefanya kazi nyingine muhimu katika Wilaya ya Kilifi. Badala ya kukaa hospitalini na kuhesabu risiti, waliwafuata watu majumbani. Waliuliza: Mgonjwa alitibiwa wapi? Mlilipa nini? Pesa zilitoka wapi? Waliuliza pia juu ya vikundi vya kijiji, kama vinaisaidia familia kulipia matibabu. Maswali haya yanaonekana ya kawaida, lakini yalibadilisha namna ya kuhesabu. Hospitali inajua mgonjwa alilipa nini dirishani tu. Haijui kwamba aliuza mbuzi ili afike hapo.

Kipimo cha nyumba kuyumba

Wataalamu hawa wana kipimo chao. Wanachukua matumizi ya familia kwa mwaka, wanaondoa pesa za chakula, kisha wanaangalia kiasi kilichobaki. Kama asilimia 40 au zaidi ya kilichobaki imekwenda kwa matibabu, wanasema familia hiyo imepatwa na gharama ya maangamizi. Kwa lugha yetu ya nyumbani, nyumba imeyumba. Karo haitoshi, paa halirekebishwi, na deni linaingia.

Mwaka 2012 Jane Chuma na mwenzake Thomas Maina walichapisha hesabu waliyoifanya kutokana na uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2007, uliohusisha nyumba 8,414. Walikuta kwamba nyumba maskini zaidi zilitumia theluthi moja ya uwezo wao kwa matibabu, lakini nyumba tajiri zaidi zilitumia asilimia 8. Na kwa mwaka mmoja, Wakenya wapatao milioni 1.48 walisukumwa chini ya mstari wa umaskini kwa sababu ya malipo ya matibabu. Hawakuwa wavivu wala wafujaji. Waliugua, au waliuguza.

Uchunguzi mwingine wa nchi nzima ulifanyika mwaka 2013, na mwaka 2017 mtafiti Edwine Barasa na wenzake wakachapisha hesabu zao kutokana nao. Hali ilikuwa imepungua makali, lakini bado watu zaidi ya 453,000 walikuwa wametumbukia katika umaskini. Kisha watafiti hao wakaongeza kitu kimoja katika hesabu: nauli. Idadi ikapanda hadi zaidi ya 619,000. Nauli peke yake iliongeza watu zaidi ya laki moja na nusu. Waligundua pia kwamba nyumba yenye mtu mwenye ugonjwa wa kudumu ilikuwa katika hatari zaidi kuliko nyumba isiyo na mgonjwa wa namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2013, kuanzia tarehe 1 Juni, serikali iliondoa kabisa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma, na uzazi ukawa bure katika hospitali za umma. Ungedhani tatizo limekwisha. Ukuta wa dirishani umebomolewa. Lakini kulikuwa na wagonjwa ambao ukuta wao haukuwa dirishani.

Mgonjwa wa presha aulizwa

Malaria huja na kuondoka. Unatibiwa, unapona, unasahau. Presha haiondoki. Kisukari hakiondoki. Pumu, kifafa na selimundu hukaa na mtu. Mgonjwa huhitaji dawa mwezi huu, mwezi ujao, na mwaka kesho.

Na wagonjwa hawa si wachache. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja.

Mwaka 2019 mtafiti Robert Oyando na wenzake walichapisha kazi ambayo kila mlezi wa mgonjwa wa presha anafaa kuijua. Walizungumza na wagonjwa 212 waliotibiwa presha katika vituo vitano vya umma, katika kaunti mbili. Hawa walikuwa wagonjwa wa hospitali za serikali, ambazo wengi wetu huziona kuwa za bei nafuu. Waliulizwa kila kitu walichotumia kwa ajili ya presha yao.

Kwa wastani mgonjwa alitumia dola 305 kwa mwaka. Kwa kiwango cha pesa cha wakati huo hizo ni zaidi ya shilingi 30,000. Sasa sikiliza mpangilio wake. Kitu kilichokula pesa nyingi zaidi kilikuwa dawa. Cha pili kilikuwa nauli. Ada ya hospitali, ile ambayo taifa zima lilibishana juu yake tangu mwaka 1989, ilikuwa ya tatu.

Wagonjwa 43 kati ya kila 100 walikuwa wamefikia gharama ya maangamizi. Nauli ilipoingizwa katika hesabu, wakawa 59 kati ya 100. Na bado hapo hatujataja siku za kazi zilizopotea. Mgonjwa aliyekwenda kliniki hakulima siku hiyo, wala hakufungua kibanda chake sokoni.

Mama, hapa ndipo historia yetu inapofikia kiini chake. Gharama ya ugonjwa wa kudumu haimalizikii dirishani. Iko kwenye duka la dawa, iko kwenye kiti cha matatu, na iko kwenye siku ya kazi iliyopita bure. Na kwa sababu inakuja kidogo kidogo, haishtui. Familia inapopelekewa bili kubwa ya upasuaji, jamaa huitwa, harambee hufanywa, na kila mtu huchanga. Lakini nani ataitisha harambee kwa ajili ya nauli ya bibi ya kwenda kliniki? Mzigo huo hubaki kwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Tuhesabu pamoja

Hebu tuchukue mfano wa kujifunzia. Mzee ana presha. Kila mwezi nauli yake ya kwenda na kurudi ni shilingi 200. Dawa ni shilingi 900. Malipo ya kadi ni shilingi 100. Jumla ni shilingi 1,200. Ukimwuliza mtu, atakuambia ni pesa kidogo. Zidisha mara 12. Ni shilingi 14,400 kwa mwaka. Sasa ongeza siku 12 ambazo binti yake hakwenda kibarua ili amsindikize, kila siku shilingi 500. Hizo ni shilingi 6,000. Jumla yote ni shilingi 20,400. Katika hizo, malipo ya kadi ni shilingi 1,200 tu.

Familia nyingi hufanya nini pesa zinapokosekana? Huruka dawa. Mzee hujisikia vizuri, hana maumivu, na mtoto anahitaji sare ya shule. Basi dawa inangoja hadi mwezi ujao. Mlezi mpendwa, tunaelewa kwa nini uamuzi huo hufanywa. Haufanywi kwa kukosa upendo. Lakini presha haisemi. Inaweza kupanda bila kichwa kuuma hata kidogo. Ikikaa juu bila dawa, inaweza kuleta kiharusi, ugonjwa wa moyo au kuharibika kwa figo. Siku hiyo gharama haitakuja tena kwa vibanzi. Itakuja gogo zima.

Kwa hiyo kuruka dawa si kuokoa pesa. Ni kukopa kwa riba kubwa.

Mambo yalivyobadilika hivi karibuni

Historia haikusimama. Mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika hospitali za umma. Dawa za kifua kikuu nazo hutolewa bure. Hii ilionyesha kwamba nchi ikiamua, mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anaweza kupata dawa bila kununua. Wagonjwa wa presha na kisukari walibaki wakijinunulia.

Mwaka 2015 bima ya NHIF ilianza kugharamia wagonjwa wa nje kwa upana zaidi, lakini mchango wa mwezi kwa mtu asiye na ajira ya mshahara nao ulipanda kutoka shilingi 160 hadi shilingi 500. Wengi walilipa miezi michache, wakaacha.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakapewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Kumbuka yale tuliyosema juu ya nauli. Presha ikipimwa mlangoni pako, hakuna kiti cha matatu cha kulipia.

Kisha tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Sheria iliweka mifuko mitatu: wa huduma za msingi katika vituo vya chini, wa bima ya hospitali, na wa dharura pamoja na magonjwa ya kudumu na mahututi. Huu wa tatu ulikusudiwa kumsaidia mgonjwa ambaye kiwango chake cha bima kimekwisha. Magonjwa ya kudumu yaliandikwa katika jina la mfuko wa serikali.

Lakini historia imetufundisha kwamba kilichoandikwa na kinachotendeka kituoni huweza kutofautiana. Kumi kwa ishirini ilikuwa imeandikwa pia. Kwa hiyo jiandikishe, uliza, na ufuatilie.

Ufanye nini wewe mlezi?

Kwanza, nunua daftari dogo. Kila safari ya kliniki andika nauli, dawa, malipo ya kituo na siku ya kazi iliyopotea. Baada ya miezi mitatu utaona pesa zinapotelea wapi. Wachumi wa afya walifanya hivyo hivyo. Kazi yao ilianza kwa kuwauliza akina mama na kuandika majibu.

Pili, zungumza na mhudumu wa afya juu ya gharama bila aibu. Mwulize: Je, mgonjwa huyu akitulia, anaweza kupewa dawa za muda mrefu zaidi ili asije kila mwezi? Je, dawa hii inapatikana katika zahanati iliyo karibu nasi? Safari moja iliyopunguzwa ni nauli na siku ya kazi iliyookolewa.

Tatu, mwulize pia jina halisi la dawa, si jina la kampuni iliyoitengeneza. Mara nyingi dawa ile ile huuzwa kwa majina mbalimbali na bei mbalimbali. Lakini usibadilishe dawa wala kipimo chake bila kushauriana na mhudumu.

Nne, jiandikishe na uwaandikishe watu wa nyumba yako katika SHA. Unaweza kutumia simu yoyote kwa kubonyeza *147#, au umwombe mhamasishaji wa afya wa kijiji chako akusaidie. Usingoje mgonjwa azidiwe.

Tano, zungumzeni katika chama chenu. Vyama vingi vina mfuko wa mazishi. Je, hamwezi kutenga kidogo kwa ajili ya dawa za walio hai? Haba na haba hujaza kibaba. Kama gogo huisha kwa vibanzi, kibaba nacho hujaa kwa chembe.

Sita, wagawieni wengine mzigo huu. Waonyeshe ndugu daftari lako. Mjomba aliye mjini huenda hajui kwamba presha ya mama yake inakula shilingi 20,000 kwa mwaka. Kila mwezi anasikia shilingi elfu moja tu. Akiona jumla, ataelewa.

Na mwisho, pima. Mtu mzima yeyote nyumbani mwako apimwe presha, hata kama hasikii lolote. Presha inayogunduliwa mapema inaweza kutulizwa kwa kupunguza chumvi, kuacha sigara na pombe, na kufanya mazoezi, pamoja na dawa pale daktari anapoona zinahitajika.

Kwa ufupi

Ada ndogo ya mwaka 1989 ilifukuza karibu nusu ya wagonjwa. Wachumi wa afya walihesabu, na hesabu yao ikaonyesha kwamba kile kilichoitwa kidogo hakikuwa kidogo. Baadaye walihesabu tena, wakaonyesha kwamba kwa mgonjwa wa kudumu, dawa na nauli ni mzigo kuliko ada. Sasa ni zamu yako kuhesabu katika nyumba yako mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni nani wenye ugonjwa wa kudumu, na nani hulipia dawa zao?
2. Kutoka hapa hadi kituo kinachotoa dawa za presha ni nauli kiasi gani?
3. Ni mara ngapi mgonjwa wetu ameruka dawa kwa kukosa pesa, na kikundi chetu kingeweza kufanya nini?
4. Ni nani kati yetu ambaye hajapimwa presha mwaka huu?